Msingi Tulioubomoa Wenyewe

Jumanne. Mawingu mazito tangu asubuhi, joto la kukaba, na nimeshinda sina hamu hata ya chai.

Leo hatimaye tumemwaga zege la msingi wa wodi ya wazazi, hapa kijijini jirani na machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita. Watu wamepiga vigelegele. Mimi, fundi mkuu, nilikuwa natazama chini tu.

Ngoja niseme ukweli, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua.

Miezi mingi iliyopita tulianza kuchimba msingi pale juu kilimani, wanakijiji wakijitolea kwa zamu. Siku ya nne nikaokota jiwe jeupe lenye chembe za kumetameta. Mwenye akili angelitupa aendelee na kazi. Mimi, mgeni kutoka Ngokolo niliyekuja kujenga tu, nikalitemea mate, nikaligeuzageuza juani, nikasema kwa sauti, "Jamani, hii si dhahabu hii?"

Ulimi wangu huu!

Kufikia jioni hapakuwa na msingi tena, ni mashimo matupu. Hadi wajumbe wa kamati ya ujenzi walikuwemo na sururu zao. Na mimi nilichimba, nisijifanye mtakatifu. Wiki mbili tulisaga mawe, tukaosha, tukaambulia mchanga. Injinia alipokuja akashika kichwa. Akasema pale hapajengeki tena, itafutwe sehemu nyingine na vibali vianze upya. Mafundi wakatawanyika, tukabaki kusubiri.

Mama Kulwa, anayetupikia uji hapa saiti, alikuwa mjamzito wakati huo. Alikuwa akinitania, "Fundi, fanya haraka bwana, huyu nataka azaliwe humu." Uchungu ulimkuta kibali bado hakijatoka. Wakampakia kwenye bodaboda kumpeleka Geita mjini. Alijifungulia njiani, na mtoto hakulia.

Tangu siku ile sijamwambia kitu zaidi ya pole.

Leo, kabla hatujaanza kumwaga zege, mtendaji wa kijiji amesoma mbele ya watu ripoti niliyoiandika mimi. Sababu ya kuchelewa: mvua kubwa. Watu wote wakaangalia pembeni, maana kila mmoja anajua alichimba wapi. Mama Kulwa alikuwa anakoroga uji. Wala hakupandisha sauti.

"Siku ile nilipopakiwa kwenye bodaboda palikuwa na jua kali, fundi. Mimi nakumbuka vumbi."

Kisha akanijazia kikombe changu kama kawaida, akanipa kwa mikono miwili.

Sikuweza kuunywa. Nimeumwaga nyuma ya rundo la kokoto, kama mwizi.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanga tofali hata moja, nitaenda kwa mtendaji niiombe ile karatasi. Nifute mvua, niandike jiwe, niandike na jina langu. Halafu nitapita kwa Mama Kulwa. Huko ndiko ninakoogopa. Nitaanza na neno gani?