Kaburi Lililoitwa Msingi wa Nyumba

Nyakabuye, Rusizi
20 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gratien,

Salamu nyingi zikufikie huko Lubumbashi. Kifua chako kinaendeleaje? Mtoto anasoma? Sisi tunapumua, na mpunga tumevuna. Ila Maman hayuko vizuri, na aliyemuumiza ni mimi.

Unamkumbuka binamu yetu Ntabaza, anayesimulia filamu kwa maikrofoni kwenye nyumba ya video. Jumapili mchana alionyesha filamu iliyotokana na ile riwaya ya Kirusi niliyokusomea ulipougua surua: mzee anamngoja mwanawe, mwana anafika akakuta kaburi. Nilimpeleka Maman mimi mwenyewe, aone kitu chenye akili badala ya mateke na bastola. Macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo alifuata sauti tu.

Picha ilipofika kaburini, Ntabaza akatangaza kwamba mwana amerudi na anachimba msingi wa nyumba ya baba yake. Watu wakapiga makofi. Maman akanishika mkono. "Unaona? Batoto banarudiaka."

Nikasimama. "Ntabaza, acha uongo. Hilo ni kaburi. Mzee amekufa akingoja."

"Ikala, yaya," akaniamuru niketi, mimi kaka yake mkubwa. "Kitabu ni yako, maikro ni yangu."

Ukumbi ukacheka, nami nikazidi kuwaka. Nikawaeleza sura ya mwisho yote, hadi wakanyamaza. Nilishinda. Nilipoketi, Maman alikuwa ameuachia mkono wangu.

Nje Ntabaza akaniambia polepole, "Mimi nilimuona maman yako toka kule mbele. Weye ulikuwa naye karibu, haukumuona."

Tangu siku hiyo Maman anakunywa vijiko viwili vya uji, basi. Na unajua desturi yake: kila Jumamosi hutoa godoro lako juani, miaka kumi na mmoja tangu uondoke, bila kukosa. Leo hakulitoa. Nilipomuuliza, akasema, "Ya nini?"

Sijabadili msimamo. Anayegeuza mwisho wa kitabu cha mtu ni mwizi, na nimemwambia Ntabaza hivyo tena jana. Lakini godoro nimelitoa mimi; liko uani ninapoandika. Nauli ikikushinda, niambie tu. Usikawie.

Nisalimie mkeo Uwimbabazi na mwanao Nshuti. Huku mke wangu Gasaro na Ntabaza wanakusalimu. Mungu akufungulie njia ufike upesi, ili Ntabaza awe ndiye aliyesema kweli.

Kaka yako akupendaye hata akikugombeza,
Habineza