Siku Niliyocheka Ukumbini

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mguu umepoa na wajukuu wako hawajakupandisha presha. Mimi ni mzima, nakula na kulala, ila kitanda cha hapa hosteli kinalia kila nikijigeuza, mpaka mwenzangu wa chumbani amekibandika jina la kinanda. Yule mdogo ameacha kukohoa? Na mkubwa anakusaidia kazi, au anajifanya ana mitihani?

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, wewe simu huisikilizi bila spika, na ukiweka spika mtaa mzima unaingia kwenye mazungumzo. Haya ni ya kwako peke yako. Barua nampa mwenzetu wa ofisini anayetangulia kurudi, akukabidhi mkononi.

Mafunzo yanakwenda vizuri. Tuko watengenezaji wa tovuti kutoka ofisi mbalimbali, tumejazana kwenye ukumbi wenye mapazia mazito, nyaya zimetapakaa sakafuni, ukiinuka bila kuangalia umemzimia mwenzako kompyuta. Wengi ni vijana. Siku ya kwanza mmoja aliniuliza chai italetwa saa ngapi. Nikamwambia sijui mwanangu, nami nimekuja kujifunza. Alivyoona aibu, tangu hapo yeye ndiye ananiletea chai.

Mkufunzi wetu ni mama mmoja mwenye sauti ya upole, lakini hakubali mtu aseme ameelewa wakati hajaelewa. Alitugawa wawili wawili: mmoja anaandika, mwenzake anaangalia na kuelekeza, halafu mnabadilishana. Mimi nilipangwa na mwanamume wa makamo anayetunza tovuti ya hospitali huko kwao. Vijana wanamwita Bwana Mabano, kwa sababu husahau kufunga mabano anapoandika, na bano moja likiachwa wazi ukurasa mzima unaharibika. Si mtu wa maneno mengi. Akikosea hailaumu kompyuta. Husema tu kwamba hapo amechemka, kisha anaanza upya.

Tulipewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa zahanati, ambao mgonjwa ataweza kuufungua hata kwa simu ndogo yenye mtandao wa kusuasua. Tulihangaika nao hasa. Jana ikafika zamu yetu kuuonyesha mbele ya wote. Bwana Mabano akabonyeza, na Mama, kila kitu kikapinduka! Picha ya daktari ikavimba ikajaa ukuta, ikabaki inaonekana pua tu, na kitufe cha kuomba miadi kimekaa ndani ya tundu la pua. Bwana Mabano akaitazama ile pua, akasema taratibu kwamba angalau mgonjwa ataona daktari yuko karibu.

Nikacheka. Sisemi nilitabasamu, nilicheka kile kicheko changu cha zamani, ambacho ulikuwa ukikisikia ukiwa jikoni na kusema mwanao ameanza tena vituko vyake. Nilicheka mpaka nikashika meza, na ukumbi mzima ukanifuata. Halafu nikajisikia mwenyewe, nikashtuka, nikatoka mbio hadi msalani, nikalia. Tangu tumzike baba watoto sikuwahi kucheka hivyo. Niliona kama nimemwacha huko peke yake.

Nilipotoka nilimkuta Bwana Mabano kwenye korido, ameshika chupa ya maji. Hakuniuliza kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeanza. Nilimsimulia habari za mwanao, ugonjwa wake, na jinsi wewe uliyefiwa na mtoto ulivyokuwa ukinivuta kitandani na kunilazimisha nioge, nile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Naye akaniambia hajawahi kuoa. Ujana wake ulikwenda kumuuguza mama yake, ambaye sasa hayupo. Kisha tukarudi ndani kutafuta kosa. Safari hii bano lililoachwa wazi lilikuwa langu. Hakumwambia mtu.

Leo baada ya chakula cha mchana aliniomba tutembee mpaka getini. Pale akaniuliza kama anaweza kuja nyumbani kujitambulisha. Nikamwambia wa kuulizwa ni mama. Alidhani nasema mama aliyenizaa. Nikamwambia, "Huyo nampenda, lakini ninayeishi naye ni mama wa marehemu, na popote nitakapokwenda nitakwenda naye." Nilijua hapo atarudi nyuma. Badala yake akasema, "Nyumbani kwangu ni siku nyingi hakuna anayeitwa mama. Ningefurahi kulisikia jina hilo tena."

Mama, ningeweza kukuambia kwamba anayetaka ni yeye, mimi nashangaa tu. Nitakuwa nimekudanganya. Nami nataka. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Simtoi mwanao mahali pake. Picha yake haitashuka ukutani, na watoto ni wake. Ila jana niligundua kwamba mimi bado nipo hai.

Moyo wako ukikataa, niambie waziwazi, usinionee huruma. Nitarudi kwenye maisha yetu yale yale na sitanuna, maana hayakuwa mabaya. Nimemwambia asitie mguu huko mpaka wewe mwenyewe useme aje. Na ukisema aje, nakuomba kitu kimoja: usimmalizie maswali yote siku ya kwanza. Mengine mwekee, apate sababu ya kurudi.

Nibusie wanangu wote wawili, na jirani zetu wape salamu wanazostahili. Mguu wako usiuchoshe.

Ni mimi, mke wa mwanao, na mwanao pia.