Chapati za Oti za Baba

Mtaa wa Hadley,
Burslem,
Stoke-on-Trent.
11 Machi 1979

Mpendwa Dada Hettie,

Pokea salamu zangu nyingi, nazituma zikiwa bado za moto kwa sababu naandika nikiwa nimeegemea jiko. Shemeji Walter hajambo? Watoto nao, baridi ya Winnipeg imewaachia masikio? Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha Les kimepungua. Mgongo wangu unauma, ila leo siulalamikii. Leo nina raha zangu.

Najua macho yako yanamtafuta Baba, basi nikueleze. Tangu tumzike Mama, alikuwa akila kitu kimoja tu: chapati za oti za Bi. Ada Machin, zile anazouzia dirishani pake, na jibini ndani. Mwezi wa kwanza magoti ya Bi. Machin yakagoma, akafunga dirisha. Baba naye akafunga mdomo.

Supu, hataki. Viazi, hataki. Nikamletea chapati za dukani kutoka mji wa jirani, Tunstall, akaziinua kwa vidole viwili na kusema, “Haya matambara ukafutie madirisha.” Suruali zikaanza kumvuka. Nikimwambia habari ya wiki ijayo, ananijibu kwamba wiki ijayo ni yetu, si yake. Daktari Prothero akaniita pembeni akasema mambo yakiendelea hivi atamlaza hospitali, na kwa jinsi alivyosema nikajua hategemei kumrudisha. Dada, niliogopa. Nilikwenda kulia chooni Les asinione.

Nikaamua kuzipika mwenyewe. Cheka tu, nimekuruhusu. Mwanamke gani wa Burslem anapika chapati za oti nyumbani? Ni sawa na kujishonea viatu. Sisi tumekua tukipanga foleni Jumapili asubuhi na sahani chini ya kitambaa, kazi yetu ni kula. Nikaenda kwa Bi. Machin kuomba vipimo. Alinitazama kama niliyemwomba meno yake. Akasema, “Kahangaike, Muriel. Mimi nilihangaika.”

Haya, nikahangaika. Za kwanza nilizimwagia mafuta kama ninayekaanga mayai, zikatoka kavu zinavunjika. Baba alinusa, akageukia ukuta.

Safari ya pili nikasema sasa nafanya kwa heshima. Unga wa oti, unga wa ngano, hamira, maji ya uvuguvugu, chumvi. Nikachukua lile bakuli kubwa jeupe alilolileta Les kutoka kiwandani kwao kwa vyombo vya udongo, nikakorogea uji humo, nikafunika, nikaacha uumuke karibu na moto. Niliporudi, mwiko ulikuwa umesimama wima peke yake. Nikaongeza maji. Nikaondoka, nikarudi, umesimama tena! Les akachungulia akaniuliza, “Mke wangu, unapika au unataka kusiliba ukuta?” Nilikuwa karibu kumpiga na huo mwiko.

Makelele yetu yakamtoa Baba kitini. Alikuja akishikilia ukuta, akalipiga bakuli kwa kucha, akaramba kidole na kukigusisha ubavuni mwa bakuli. Kidole kikanata. Dada, Baba alicheka! Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. “Nimelea mtoto Burslem,” akasema, “nimemlisha kwa kazi ya tanuri la vyungu, na hajui bakuli lisilopakwa dawa ya kung'arisha linakunywa maji! Nawe Les, mfinyanzi mzima, umesimama hapo unafanya mzaha!” Mimi nilikuwa nimeona weupe tu, sikugusa. Kweli, lilikuwa limechomwa mara moja tu, halijapakwa kitu. Usiku na mchana lilikuwa likinywa uji wangu wote. Sikujali. Ningevunja vyombo vyote vya nyumba hii ili nimsikie anacheka tena.

Akakaa palepale jikoni. Nikakoroga upya kwenye beseni la bati, safari hii uji mwepesi, unaotiririka kwenye upawa. Ulipoumuka na kutoa mapovu, nikawasha moto, nikafuta kikaango cha chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo tu, nikamwaga. Vitundu vikafumuka uso mzima. Nikataka kugeuza, Baba akasema, “Subiri.” Ukingo ukakauka. “Sasa.” Nikageuza, Hettie, ikalala chini laini, ya kahawia, na madoa yake yote! Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akajibu.

Nikaijaza jibini na bekoni, nikaikunja. Baba alikula ya kwanza. Akala ya pili. Kwenye ya tatu akasema, “Si mbaya,” nawe unajua mwanamume wa huku akisema hivyo ametoa yote aliyonayo.

Kisha akaomba viatu. Hakuwa amevuka kizingiti tangu mazishi. Akafunika chapati zilizobaki, akaenda nazo kwa Bi. Machin, nami nikimchungulia kutoka dirishani, roho juu. Alikaa huko muda mrefu. Alirudi na sahani tupu, mashavu mekundu kwa upepo, akavua kofia kama jaji anayetaka kutoa hukumu.

“Ada anasema chumvi imepungua,” akaniambia. “Ongeza kesho. Nitaonja mwenyewe.”

Kesho, Dada. Baba amesema kesho.

Les anakusalimu, na Bi. Machin pia, ingawa aliitoa salamu yake kwa shingo upande. Nibusie Clive na Rosalind, mpe Shemeji mkono wangu. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na meza isiyokosa mlaji.

Mdogo wako akupendaye, mwenye unga hadi kwenye nyusi,

Muriel