Neno Moja Katika Wosia wa Babu

Kaka,

Huku tu wazima, na mwanangu ameanza kuota meno. Nakuandikia ili uyasikie haya kwangu kabla baba yako hajakusimulia.

Unajua nilivyohangaika na wosia wa babu ili niandike historia ya ukoo. Mwandiko wenyewe utadhani kuku kachakura. Tangu utotoni tunaambiwa aliandika, "Nyumba ni ya wanaume wote." Kwa neno hilo baba yako alikuwa anamtoa shangazi mle ndani, fundi alishakuja kubadilisha kitasa. Nilipoinua karatasi dirishani, niliona mkia wa herufi g umejificha kwenye mkunjo. Babu aliandika "wanangu wote," shangazi akiwemo.

Nilimwonyesha baba yako kwanza, kwa heshima, maana ni baba yangu mdogo. Akasema, "Waambie hapasomeki."

Kaka, nilitaka kumtii. Ndiye aliyenisomesha baba yangu alipofariki. Lakini kwenye kikao cha ukoo nilisoma kama palivyoandikwa.

Baba yako aliinuka akatoka bila viatu. Nilidhani shangazi atapiga vigelegele. Badala yake alimkimbilia mpaka getini, akamshika mkono.

"Unakwenda wapi? Kwani wewe si mwanawe?"

Baba yako alisimama pale, hageuki, wala mkono hauachii.

Sasa anapita kwa shangazi kunywa chai, ila mimi hanisemeshi. Salamu yangu haiitikii. Mpigie simu, kaka. Wewe anakusikiliza.

Ni mimi mdogo wako, nisiyelala vizuri.