Nyumba Iliyonyimwa Moto

Boke mjukuu wangu,

Baba yako mdogo amenisomea shikamoo yako, nami naiitikia, marahaba. Huku Susuni mahindi yamekubali na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Miguu yangu ni ileile, tuiache.

Umesema huko Nairobi mnadai zifutwe sheria ambazo nchi nyingi bado zinafunga nazo watu kwa kumkufuru Mungu. Ukaniuliza, "Bibi, kwani Mungu akitukanwa haumii?"

Nilipokuwa msichana, jirani yetu Ghati alifiwa na mwanawe wa pekee. Pale kaburini, mbele ya watu wote, akasema Mungu ni mwizi. Wazee wa kanisa na wazee wa mila hawakuwahi kupatana kwa lolote, lakini siku hiyo walipatana: Ghati asipewe moto. Zamani hizo viberiti vilikuwa adimu, tuliombana makaa kila asubuhi, na aliyenyimwa moto alijua ametengwa.

Mama alitia makaa kwenye kigae akatoka. Baba alimsimamisha njiani, akamwambia taratibu, "Wakitutenga na sisi, hawa watoto watazikwa na nani?" Mama akarudi. Tukabaki tunaitazama nyumba ile isiyotoa moshi, hadi Ghati alipovuka mpaka kwenda Kenya. Hakurudi.

Bado nikiwasha moto asubuhi huwa natazama upande ule.

Mimi sheria sizijui, Boke. Kama Mungu aliumia siku ile, hatukumwona. Ghati tulimwona.

Ni mimi bibi yako,
Nyangi