Boston Wameshinda, Shangazi

Lewisham, London
28 Oktoba 2004

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na ndoa yetu ina miezi miwili ya asali tupu. Kila Jumapili Baudouin hunipikia sombe, kisamvu cha kwao, kisha ananitazama nikila kana kwamba mimi ndiye niliyepika!

Lakini leo nina habari kubwa. Boston wametwaa ubingwa wa besiboli! Baudouin alifundishwa mchezo huo na mzee Mmarekani anayemhudumia kazini, kwenye nyumba ya wazee, akaniambukiza na mimi. Boston walikuwa na miaka themanini na sita bila kombe.

Juzijuzi, kwenye nusu fainali ya mechi saba, New York walikuwa wameshawafunga mechi tatu. Wakipoteza moja tena, wanatoka. Baudouin akasema, "Efra, hawa wakichukua kombe, unamwandikia baba yako."

Nikacheka. "Nitamwandikia hata barua kumi!" Hakuna timu ya besiboli iliyowahi kutoka shimo hilo.

Boston wakashinda nne mfululizo. Kisha fainali, nne tena! Asubuhi hii redio ilipotangaza, nilimwaga chai. Baudouin alinisogezea kalamu tu: "Mke wangu, ahadi."

Shangazi, huko nyumbani ni wewe peke yako unayejua kwamba nimeolewa. Baba bado anangoja washenga wabishe hodi.

Bahasha iliyo ndani ya hii ni yake. Mpe akishakula, na ukae karibu naye mpaka aimalize.

Mwanao mwenye furaha na hofu,
Eufrasia, mke wa Baudouin