Bolti Nne za Kitanda

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye kitabu cha kituo. Mtaani naitwa Bisi.
Umri: miaka 36 kwa hesabu ya mama. Dada yangu anasema 38.
Kazi: kuuza bisi mlangoni pa ukumbi wa video, kuita watazamaji kwa kipaza sauti, na kubeba mizigo ikitokea.
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya ukumbi huohuo.
Elimu: darasa la nne, sikulimaliza.
Yameandikwa Jumapili tarehe 15, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nataka hilo liandikwe, maana afande wa mapokezi aliponiona alidhani nimeleta bisi.

Nimekuja kwa sababu ya mtu aliye mahabusu tangu jana jioni, tunamwita Redio. Nimesikia anashtakiwa kwamba alimshawishi mtoto wa miaka saba na kumtorosha bibi yake. Hakumtorosha. Aliyemtorosha namjua. Nilitaka kumtaja hapohapo nipumue, lakini afande amesema nianze mwanzo, nisirukeruke kama mkanda mbovu.

Kwanza kazi ya Redio. Filamu zinakuja kwa lugha ya kigeni. Redio anakaa nyuma ya pazia na maiki, anapunguza sauti ya filamu, halafu anawasemea wote: baba, mama, mbwa, hata mlango ukigongwa yeye ndiye anayeuliza nani. Lugha yenyewe anaijua kiasi cha kusoma jina la filamu. Mengine anatunga. Mtaa mzima unajua anatunga, na ndiyo maana ukumbi unajaa. Jambo likitokea mtaani asubuhi, mchana utalikuta mdomoni mwa mnyama.

Kazi yangu mimi ni mlangoni. Watu wakitoka nawauliza maoni, na anayetoa maoni nampa kipakiti kidogo cha bisi. Maoni hayo nawatangazia walio kwenye foleni ya onyesho linalofuata. Mazuri nayatangaza yalivyo. Mabaya nayakata mkia. Mtu akisema "nzuri lakini ndefu", mimi natangaza "nzuri". Nimemuuliza afande kama hilo ni kosa. Amesema niendelee.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa tatu asubuhi, lori liliegeshwa mbele ya nyumba inayotazamana na ukumbi. Hapo anakaa Fundi Friji, mkewe, binti yao wa miaka saba, na mama yake Fundi, ambaye sote tunamwita Bibi. Walikuwa wanahama. Mke alikuwa ameshatangulia nyumba mpya tangu alfajiri kupiga deki. Fundi aliniita nisaidie kupakia, nikaenda, kwa sababu mimi kazi siikatai, inanikataa yenyewe.

Tulipakia friji tatu, moja tu ndiyo inagandisha. Tukapakia meza na masanduku. Nilipofika chumba cha Bibi nikashika kitanda. Fundi akasema, "Hicho kiache. Mama atafuata baadaye." Nikauliza baadaye lini. Akasema nyumba mpya ni vyumba viwili, chumba hiki kimoja amekiacha kwenye kodi mpaka mwisho wa mwezi, halafu watatafuta utaratibu. Alisema akiwa anatazama kamba, hakunitazama mimi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani. Alikuwa amevaa viatu vya safari na mkoba uko mapajani. Aliniuliza kama lori lina nafasi. Nikamwambia lori ni kubwa, Bibi. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Lori likaondoka na safari ya kwanza saa tano. Nikavuka barabara kumpelekea Redio chai. Nikamwambia kwa utani kwamba ng'ambo wanahama, wamebeba hata friji mbovu, wameacha kitanda na bibi juu yake. Redio akacheka. Na mimi nikacheka. Naomba liandikwe kwamba aliyelileta neno hilo ni mimi, na nilicheka wa kwanza.

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Fundi Friji mwenyewe aliwaleta mama yake na binti yake ukumbini, akawakatia tiketi. Alisema wakae humo wapumzike, vumbi la kuhama si zuri kwa kifua cha mama. Akaniambia atamfuata mtoto onyesho likiisha. Nilisikia vizuri: mtoto. Niliwapeleka benchi la tatu, lenye mgongo.

Filamu ilianza saa nane kamili. Ni katuni ya familia, inahusu wanyama wa zamani za kale: tembo wenye manyoya marefu kama zulia, kifaru naye kajifunika vilevile, na ndege mrefu kuliko mlango ila kuruka hawezi. Barafu inakuja, majani yanaisha, kundi la tembo linahama. Kuna tembo jike mzee, jino moja limevunjika. Katikati ya filamu kundi linashuka bondeni, yeye anabaki juu ya kilima anawatazama, upepo unampeperusha manyoya. Basi. Mpaka mwisho humuoni tena.

Kwa siku nne Redio alikuwa anamsemesha tembo yule mambo ya kuchekesha tu. Jana filamu ilipofika pale kilimani, yule tembo mkubwa, kiongozi, akasema kwa sauti ya Redio, "Mama, huko tuendako ni vyumba viwili. Tumebeba friji, wewe tutakufuata mwisho wa mwezi." Na yule mzee akajibu, "Nendeni wanangu, mimi hapa nina kitanda changu."

Ukumbi uliangua kicheko. Kuna jamaa alianguka kwenye benchi, hilo pia naweza kulithibitisha maana nilimuinua. Nilipotazama benchi la tatu, Bibi alikuwa ametulia, anatazama mbele. Mtoto alikuwa anamtazama Bibi.

Filamu iliisha saa tisa na nusu. Nikasimama mlangoni kuchukua maoni. Mshonaji wa kona alisema manyoya ya wale wanyama yameshonwa vizuri, mshono hauonekani. Mwalimu mmoja mstaafu alisema yule ndege na yule kifaru hawakuishi zama moja, na kwamba tunapotosha watoto. Hayo nilitangaza kwamba mwalimu ameisifu kwa upande wa elimu. Mama mmoja mjamzito alisema amelia, na hajui kilichomliza maana alikuwa anacheka. Fundi viatu alisema kuna baridi mno, kila mtu peku.

Mtoto alitoka amemshika Bibi mkono. Nikamuuliza, mchumba, umeionaje? Akasema nzuri, lakini haijaisha. Nikamwambia imeisha, taa zimewashwa. Akasema, "Bibi tembo bado yuko kule juu." Nikampa bisi. Hakuzipokea.

Nikamgeukia Bibi, kwa sababu kila mtu nauliza. Nilitegemea atanisema. Bibi akasema, na haya afande naomba yaandikwe yote, haya siyakati mkia: "Yule mama hakusema vile. Kijana wenu kamwekea maneno. Mimi nilikuwa namtazama macho. Alikuwa anasubiri aitwe."

Hayo sikuyatangaza kwenye foleni. Foleni ilikuwa inaningoja na kipaza sauti nimekishika, lakini sikuyatangaza.

Mtoto akasema, "Bibi, njoo twende." Basi. Wakavuka barabara.

Lori lilikuwa limesharudi tangu saa nane na nusu, limeegeshwa palepale, dereva amelala kwenye usukani na kofia usoni. Fundi Friji hakuwepo, alikuwa ameenda kumkabidhi mwenye nyumba funguo za vile vyumba vingine. Mimi ndiye niliyeachiwa kumalizia mzigo. Vilibaki kabati, magodoro na ndoo mbili.

Nilipomaliza kupakia hivyo, Bibi na mtoto walikuwa wamesimama nyuma ya lori. Hawakuniomba kitu. Mtoto alikuwa anapima kwa macho jinsi bodi ya lori ilivyo juu.

Afande ameniuliza kama kuna mtu aliniagiza. Hakuna. Nilichukua kreti mbili za soda kwenye duka la jirani nikazipanga ngazi. Nikapandisha kwanza kiti cha Bibi, nikakibana kati ya kabati na magodoro, nikakifunga kamba. Halafu nikamshika Bibi mkono wa kulia, akapanda. Mtoto alimsukuma kwa nyuma, msukumo wenyewe hata paka asingetikisika, lakini alisukuma. Bibi alipokaa alitazama ndani, akasema, "Na kitanda?"

Nikarudi chumbani. Kitanda kina bolti nne. Nilizifungua kwa spana ya dereva, ikanichukua kama dakika kumi, moja ina kutu. Nikapakia mbao zote. Bolti nikazitia kwenye kipakiti cha bisi zisipotee, kipakiti nikakiweka mfukoni.

Mtoto akapanda akakaa miguuni pa bibi yake. Nikamwamsha dereva nikamwambia mzigo umeenea, aende polepole, amebeba kitu cha kuvunjika. Hakutazama nyuma. Lori liliondoka saa kumi kasoro dakika tano. Muda huo Redio alikuwa nyuma ya pazia, onyesho la pili lilikuwa limeshaanza, ukumbi mzima unamsikia. Asingeweza kuwa amemshika mtu mkono.

Fundi alirudi saa kumi na dakika kumi. Akamkuta mtoto hayupo, mama hayupo, na chumba kitupu. Alizunguka ukumbi, akazunguka choo, akapekua hata nyuma ya pazia. Niliona anahema. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Alikuwa karibu nami kama afande alivyo sasa. Niliogopa atanipiga, na pia, kusema kweli, nilitaka lori lifike kwanza.

Watu walipoanza kumsimulia maneno ya Redio ya kilimani, uso ulimbadilika. Akasema huyo ndiye aliyewajaza maneno na ndiye aliyewaficha, kwa kuwa mama yake hawezi kupanda hata ngazi mbili peke yake. Saa kumi na moja askari wawili walifika. Redio aliulizwa kama maneno yale aliyasema. Akasema ndiyo, ni kazi yake. Akaulizwa nani alimpa habari za nyumba ile. Alinitazama. Halafu akasema habari za mtaani hazina mwenyewe.

Akapandishwa kwenye gari. Mimi niliendelea kuuza bisi. Nimesema niliendelea kuuza. Mteja mmoja nilimpa mifuko miwili badala ya mmoja, sikugundua mpaka aliporudisha.

Saa kumi na mbili jioni Fundi alimpigia mkewe. Alikuwa anaogopa kumpigia, ndiyo maana alichelewa. Simu yake haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo tulisikia sote. Mke akasema, "Mbona wapo hapa tangu saa kumi na nusu? Si umewaleta wewe na lori?" Akasema baada ya hapo kwamba amefurahi, maana walikuwa wamegombana kwa jambo hilo wiki nzima, na sasa Bibi amekunywa chai, ila kitanda kimekataa kusimama, hakina bolti.

Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alikaa kwenye kile kijingazi changu cha kreti, akashika kichwa, akasema bado Redio atalala ndani, kwa sababu amemdhalilisha mbele ya mtaa. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anataka kumjua aliyempandisha mama yake.

Sasa namjibu. Ni mimi.

Afande ameuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nimesema sijui. Ameandika sijui, kisha ameweka kalamu chini akanitazama. Basi niongeze. Mimi ni mtu wa kubeba. Nilibeba friji mbili mbovu kwenye safari ya kwanza. Nikaona haya.

Bibi amelala chini kwenye godoro usiku wa kuamkia leo, na Redio amelala kwenye saruji. Bolti nilikuwa nazo mimi. Kila nilipogeuka zilinichoma ubavu. Naweza kuzitoa mfukoni nikaziweka mezani, nimeziweka. Ni nne, moja ina kutu. Kipakiti nacho kibaki, kina chumvi kidogo.

Kama kuna wa kuingia ndani, niingie mimi, ila naomba Redio atoke kabla ya saa nane mchana. Filamu ni ileile ya tembo, na foleni ya Jumapili haina utani. Ameniambia kupitia dirisha la mahabusu kwamba pale kilimani leo atanyamaza, hatamsemea yule mzee kitu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa taratibu, nimeyatambua kuwa ni yangu, na hakuna nililolikata.

Sahihi ya shahidi: Bisi

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yamechukuliwa na mimi na kusomwa mbele ya shahidi saa nne na dakika ishirini. Shahidi ametakiwa mara tano kuacha utani, amejitahidi.

Kielelezo: bolti nne za kitanda ndani ya kipakiti cha karatasi.

Mlalamikaji alikuwepo kituoni tangu saa tatu na nusu na ameomba asomewe maelezo haya. Amesomewa. Ameondoa malalamiko dhidi ya wote wawili kwa maandishi. Mtuhumiwa ameachiwa saa tano kasorobo.

Bolti nne amekabidhiwa mlalamikaji, amehesabu na kutia sahihi. Kabla ya kuondoka ameuliza kama kituo kina spana. Ameazimwa.